Meno Yalitangulia

Mama Meno alikuwa na sheria moja kazini, na aliitangaza kwa kila mteja kabla hajamkaribisha kiti: meno aliyoyatengeneza yeye, atayavisha yeye. Hayatumwi kwa basi, hayachukuliwi na mjomba, hayaachwi kwa jirani. Mteja aliyetaka vinginevyo alionyeshwa mlango kwa adabu, na kwa kuwa hakuwa na meno ya kubishania, alitoka kimya.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia, mwaka wa thelathini na moja sasa, katika chumba kimoja nyuma ya kliniki. Chumba kilikuwa na dirisha moja, meza iliyofunikwa bati, mota ya kusagia iliyolalamika kila ikiwashwa, na rafu tatu zilizojaa taya za plasta. Kila taya ilibandikwa kikaratasi: Dereva wa Trekta, Mke wa Seremala, Mzee Asiyecheka. Hakuna kitu mle ndani ambacho hakikuandikwa jina. Hata kopo la sukari liliandikwa SUKARI, kwa sababu unga wa plasta nao ni mweupe, na kuna mgeni wa heshima aliyewahi kuukoroga kwenye chai.

Na alikuwa na sikio. Madaktari wa kliniki waliyatazama meno. Mama Meno aliyasikiliza. Akishamvisha mteja, alimgeuzia mgongo na kumwambia, "Haya, nihesabie kuanzia sitini mpaka sabini." Mtu anaanza, sitini, sitini na moja, naye ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mvua inayokuja. Sitini haifichi kitu, ndivyo alivyosema. Meno yakikaa mbele kupita kiasi, "sita" inapiga mluzi. Yakibana, ulimi unajikwaa. Yakilegea, mtu anaimumunya hesabu utadhani amejaza uji kinywani. Basi anayatoa, anapitisha tupa mara mbili tatu, anayarudisha, na hesabu inaanza upya. Mpaka "sitini na sita" itoke safi, hakuna anayekwenda nyumbani.

Mteja aliyemkosesha usingizi mwaka huo hakuwa mgeni. Alikuwa kaka yake wa pekee, dalali wa mnada katika mji ulio mwendo wa saa tisa kwa basi, mtu aliyejulikana soko zima kwa jina la Ngurumo. Baba yao alipofariki, Mama Meno alikuwa na miaka kumi na mmoja na kaka yake kumi na tisa. Kaka alikwenda uwanja wa mnada kuomba kazi ya kubeba makabati. Wiki ya pili dalali akakaukiwa sauti katikati ya mnada, kijana akaidaka kazi hiyo, na hakuirudisha tena. Kwa sauti ile mdogo wake alikula, akavaa, akasoma mpaka chuo. Mama Meno hakuwahi kumshukuru waziwazi, maana watu wa familia ile hupendana kwa kutaniana, lakini alijua vizuri kwamba kila jino alilolichonga maishani lililipiwa na mdomo wa kaka yake.

Sasa mdomo ule ulikuwa mtupu. Ufizi uliugua, daktari akang'oa hili, akang'oa lile, mwisho hakikubaki kitu. Tangu siku ile Ngurumo hakunguruma tena. Aliacha mnada, akawa anazungumza nyuma ya leso, na kwenye simu alijibu "mm" kwa ndiyo na "mm-mm" kwa hapana. Na binti yake, mtoto wake mmoja tu, alikuwa anaolewa.

"Shangazi," binti alimpigia simu akilia, "baba amesema mjomba ndiye atakayezungumza ukumbini. Mjomba atasoma kwenye karatasi! Mimi namtaka baba."

Mama Meno alimwita kaka yake kliniki, akachukua alama ya ufizi, akamrudisha kwake, kisha akakaa na kazi ile wiki tano. Kabla ya kuondoka kaka alimpa sharti moja kutoka nyuma ya leso. Angesimama, alisema, lakini yeye mdogo wake awe ameketi kiti cha pembeni yake. Akiteleza amtazame yeye, asiwatazame watu. Mama Meno akamwambia atakuwepo, tena atawahi mpaka watamchoka.

Harusi ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Meno mapya ni kama viatu vipya, huendi nayo sherehe siku ile ile, kwa hiyo Mama Meno alipanga safari kwa saa. Ijumaa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa alasiri amefika. Saa kumi kaka amevaa meno. Jioni mazoezi, asubuhi yake mazoezi tena. Na kwa kuwa meno ya namna ile hayatakiwi kukauka wala kupata joto, aliyaweka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ndani ya maji baridi, akakaza kifuniko. Chupa ilikuwa ya bluu, yenye ua jekundu ubavuni, zile zile zilizo katika kila nyumba na kila kikapu. Na hapo ndipo fundi anayeandika jina hata kwenye sukari aliposahau kuandika. Mganga hajigangi.

Saa nne na nusu basi lilikohoa mara mbili, likatoa moshi, likasimama kando ya barabara kama lililosusa. Dereva akafungua injini, akaifunga, akajikuna kichwa. Abiria wakaanza: huyu anampigia mtu simu kwa hasira, yule anadai nauli yake, mwingine anaapa hatapanda tena basi la kampuni ile hata abebwe. Mama Meno alivua viatu vyake vya safari, akavaa ndara alizokuwa nazo mfukoni mwa begi, akamwendea kondakta.

"Mwanangu, niambie ukweli. Si ule wa kampuni, ule wako."

Kondakta akatazama chini. "Injini imekufa, mama. Kuna gari jingine linakuja."

"Lini?"

"Muda si mrefu."

"Ahaa. Basi tukae kitako."

Palikuwa na ukuta mfupi wa daraja dogo, nusu yake kivulini. Mama Meno akawaambia wenye chai waweke chupa zao pale ukutani na wenye vikombe watoe vikombe, na anayetaka kugomba agombe huku anakunywa. Watu wana ubishi, lakini chai ya bure haina mpinzani. Baada ya nusu saa wale waliokuwa wanaapa walikuwa wanapiga soga. Mfanyabiashara wa vitambaa alikuwa anawachekesha watu kwa kumwigiza mkwe wake, na mama mmoja mpishi wa shule, mstaafu mwenye mkongojo, alikuwa anamweleza Mama Meno namna ya kupika maharage ya wanafunzi mia nne bila kuunguza. Mama Meno naye alikuwa ameiweka chupa yake pale pale ukutani, mwisho wa mstari, kando ya chupa ya mama mpishi iliyofanana nayo, ipate kivuli. Aliona ni akili kubwa.

Saa saba likaja gari dogo la viti kumi na vinane. Abiria walikuwa arobaini na watatu. Purukushani ikazuka, na kondakta, aliyekwisha kumwona Mama Meno kuwa mtu wa maana, akamfungulia njia.

"Mama, wewe panda kwanza."

"Mimi nina siku nzima ya akiba," akajibu. "Mpandishe mama mpishi. Halafu wenye watoto. Nyie wenye misuli mna haraka ya nini?"

Mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuwa tayari ameweka mguu mmoja mlangoni, akaushusha. Mama Meno akasimama chini ya madirisha akipitisha mabegi, mito na watoto. Gari lilipoanza kuondoka akageuka, akaona chupa mbili za bluu bado ziko ukutani. Mama wa watu amesahau chai yake! Akadaka iliyo karibu, akakimbia na ndara zake, akaipenyeza dirishani.

"Mama mpishi, chai yako!"

"Ubarikiwe, mwanangu!"

Watu waliobaki wakampigia makofi. Akarudi kivulini amejaa sifa, akihema na kucheka.

Saa nane akakumbuka kwamba maji ya meno yanatakiwa kubadilishwa. Akainua chupa ya bluu iliyobaki, akafungua kifuniko, na mvuke ukampanda usoni. Chai ya maziwa, yenye sukari nyingi.

Akakaa juu ya begi lake. Alielewa papo hapo, hakuhitaji kutafuta wa kumlaumu, kwa sababu mkono ulioyapitisha meno yale dirishani ulikuwa huu huu. Kwa kweli aliogopa. Si kwa ajili ya meno, hayo yangetengenezwa mengine kwa wiki chache. Harusi ya mtoto haitengenezwi nyingine. Alimwona kaka yake amekaa ukumbini na leso mdomoni, mjomba anasoma karatasi.

Mfanyabiashara wa vitambaa alipoambiwa kilichotokea alijishika kichwa. "Mama! Ningekuwa mimi ningelia hapa hapa!"

"Nitalia Jumapili," Mama Meno akasema. "Leo nina kazi." Na kwa kuwa chai haikuwa na kosa, akajimiminia kikombe, akanywa, akaomba namba ya dereva wa gari dogo.

Simu iliita muda mrefu. Dereva alipopokea, sauti yake haikuwa ya mtu aliyetulia.

"Wewe ndiye mwenye meno?"

"Ndiye mimi, baba. Mmekwisha kuyaona?"

"Mama, nimesimamisha gari! Huyu mama amesema ngoja nikupoze koo kwa chai, akanimiminia, nikaona kitu kinanichekea kikombeni!"

Nyuma yake Mama Meno alisikia gari zima linavunjika mbavu. Simu ikakabidhiwa kwa mama mpishi.

"Mwanangu, nisamehe, nimeyarudisha ndani ya maji yake. Sikuyagusa kwa mkono, nimetumia kijiko. Mazuri kweli! Ni ya nani?"

Hapo Mama Meno akapiga hesabu. Mama mpishi alikuwa anakwenda mji ule ule, angefika kabla jua halijazama. Yeye mwenyewe hakujua atafika lini. Jibu lilikuwa wazi kama mchana, ila lilikuwa linapita juu ya sheria ya miaka thelathini na mmoja. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sheria si kaka yake.

"Mama," akasema, "ni ya kaka yangu. Nyuma ya uwanja wa mnada kuna nyumba yenye geti la kijani. Muulize mtu yeyote Ngurumo yuko wapi. Nakuomba umkabidhi mkononi, na umwambie asiyavae mpaka nimpigie."

"Nitampa kama ninavyompa mtoto chakula," mama mpishi akajibu. "Mpaka nione amemeza."

"Asimeze, mama. Ayavae tu."

Simu yake ilikuwa inakaribia kuzima. Kondakta alisema mbele, mwendo wa nusu saa kwa miguu, kuna vibanda vya biashara, na kimoja ni cha kinyozi mwenye umeme wa jua. Mama Meno akabeba begi lake, akamwachia kondakta namba ya simu ili gari likija amwite, akaenda.

Kibanda cha kinyozi kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kilichopasuka pembeni, na benchi la wateja wanne ambao watatu kati yao hawakuja kunyolewa. Mama Meno akajieleza kwa ufupi. Kinyozi, kijana mwenye upara, akachomoa mashine yake ya kunyolea ili achomeke simu ya Mama Meno, akamwacha mteja nusu kichwa.

"Kazi ni kazi," kinyozi akamwambia mteja. "Fundi mwenzangu amekwama."

Saa kumi na mbili na nusu simu ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa Ngurumo, anahema. Meno yamefika, aliyeyaleta ni bibi mmoja mwenye mkongojo, sasa yuko jikoni anakosoa maharage yake. Kaka mtu ameshayavaa.

"Nilisema asiyavae!"

"Unamjua kaka yako."

Mama Meno akaweka simu kwenye spika, akaiegesha kwenye kopo la poda. Mteja wa nusu kichwa akampisha, naye akaketi kwenye kiti cha kuzunguka, na kwa mazoea tu akakigeuza, akaipa simu mgongo.

"Kaka. Unajisikiaje?"

Ikasikika sauti nzito, imejaa mate. "Mdogo wangu, umenipa meno ya farasi."

"Farasi ana adabu, angesubiri kuambiwa. Haya, hesabu. Sitini mpaka sabini."

"Mbele ya wifi yako?"

"Mbele ya wifi yangu, mbele ya mama mpishi, na hapa mbele yangu nina watu watano. Hesabu."

Ngurumo akaanza. Sitini ilitoka na mluzi wa kumwita mbwa. Sitini na moja, mluzi. Kwenye sitini na mbili akaguna kwa maumivu. Mama Meno alifumba macho. Mluzi ule haukuwa wa meno kukaa mbele, ulikuwa wa meno yaliyoinuka upande mmoja, na yaliinuka kwa sababu kuna mahali panagusa. Angekuwepo angepaona kwa nukta moja.

"Panakuchoma chini, kushoto, nyuma," akasema.

"Umejuaje?"

"Wifi, bibi harusi ana rangi ya midomo? Iliyokolea?"

Ilikuwepo, nyekundu. Mama Meno akamwelekeza taratibu. Atoe meno ya chini. Aukaushe ufizi kwa kitambaa safi, atafute palipovimba, apaguse kwa ncha ya kijiti kilichochovywa kwenye rangi, nukta ndogo tu. Arudishe meno, kaka aume mara moja, ayatoe tena. Rangi itakuwa imehamia kwenye meno kwa chini, na hapo ndipo panapotakiwa kupunguzwa.

"Naiona, wifi! Kama punje ya mchele."

"Sasa tafuta tupa ya kucha, ioshe vizuri. Upitishe mara kumi tu. Kwa upole, kama unavyomkwangulia mtoto ukoko."

"Mimi? Nikiharibu je?"

Hilo ndilo swali alilokuwa anajiuliza yeye mwenyewe, mikono yake imeshika mikono ya kiti. Kwa miaka yote ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuweka tupa kwenye kazi yake, hata mwanafunzi wa chuo. "Huwezi kuharibu," akasema, na alishangaa kujisikia anaamini. "Nipe sauti, nisikie."

Tupa ikaanza kukwaruza kwenye spika, na Mama Meno alihesabu pamoja nayo. Ya nne ilikuwa nzito mno, akasema punguza. Ya kumi, akasema basi. Meno yakasuuzwa, yakarudishwa. Kinyozi alikuwa ameshika kitana hewani, mteja wa nusu kichwa ameegemea mbele.

"Sitini," akasema Ngurumo. Mluzi ulikuwa umebaki mwembamba. "Sitini na moja. Sitini na mbili." Ulimi ulikuwa unaanza kuijua nyumba yake mpya. "Sitini na tano. Sitini na sita."

Safi. Benchi zima lilipumua. Mama Meno alifungua mdomo kumwambia atosheke, ale kitu laini, alale, lakini kaka yake hakuwa amemaliza. Alifika sabini, na badala ya kusimama akapandisha sauti.

"Sabini! Nani ananipa sabini na moja? Yule mzee kule nyuma, usijifiche, nimekuona!"

"Sabini na moja!" akapaza mteja wa nusu kichwa.

"Nimesikia sabini na moja kutoka kwenye simu! Nani ananiongezea?"

Kibanda kikalipuka. Walinadi kitu kisichokuwepo mpaka mia na ishirini. Miezi mitano Mama Meno hakuwa ameisikia sauti ile. Aligeuza kiti akautazama ukuta, na machozi yakamtiririka, yakamdondokea kifuani, hakuyafuta. Alikuwa ameahidi Jumapili, ila Jumapili ilikuja mapema. Kinyozi akampa taulo.

Gari halikuja siku ile. Mama Meno alilala nyumbani kwa dada wa kinyozi, na asubuhi saa mbili basi la pili likawachukua, wote wakimwita jina lake kama ndugu. Saa tano likasimama tena. Mbele, lori la saruji lilikuwa limelala ubavu, limeziba barabara yote. Foleni ilikuwa ndefu hata mwisho wake haukuonekana. Safari hii Mama Meno hakumuuliza kondakta kitu. Aliwaomba akina mama wamshikie shuka pande mbili, akabadili nguo nyuma yake kando ya barabara, akavaa gauni lake la harusi la zambarau na hereni. Mfanyabiashara wa vitambaa akamshonea pindo lililokuwa limeachia. Viatu vyake, vya kisigino na vile vya safari, havikuonekana popote, pengine vilikwenda na mabegi ya gari dogo, kwa hiyo akabaki na ndara.

Saa saba akampigia kaka yake. "Lisilo budi hutendwa, kaka. Sitawahi. Usinisubiri. Simama, mtazame binti yako, useme."

"Nimesikia," akajibu Ngurumo, s yake imetulia.

Mama Meno akashukuru kwamba amesikia. Alisahau kwamba kaka yake, tangu wakiwa wadogo, akisema "nimesikia" hakuwa na maana ya kwamba amekubali.

Lori lilivutwa saa tisa. Basi lilifika mjini saa kumi na moja kasorobo, na kondakta mwenyewe akamtafutia pikipiki. Njia nzima alijipanga. Hotuba itakuwa imekwisha, atawapongeza, atamkumbatia mtoto, na hatamwonyesha mtu kwamba ameumia. Alikuwa amefanya alichoweza, na alichoweza hakikuwa kidogo. Alijiambia hivyo, na karibu aliamini.

Mlangoni mwa ukumbi alisikia kelele ambazo si za hotuba. Dada mmoja aliyekuwa anapokea wageni alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Wewe ndiye shangazi? Asante Mungu! Baba wa bibi harusi amesimama tangu saa kumi kamili. Kasema kabla ya hotuba ana kiti kimoja cha kuuza, na bei ni makofi. Upande wa bwana harusi na upande wetu wanashindana. Saa nzima sasa! Kila akifika mara ya pili anasema ngoja, sijawaeleza habari za miguu yake. Kiti kina miguu minne tu, shangazi, ameieleza kila mmoja mara tatu!"

Mama Meno akachungulia. Mwisho wa ukumbi, mbele ya watu mia mbili, kaka yake alikuwa amesimama na suti ya kijivu bila leso, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti kitupu. Karibu na meza kuu mama mpishi alikuwa ametulia na mkongojo wake, mgeni rasmi kuliko wote.

"Sitini na nne!" Ngurumo alinguruma. Mama Meno, kwa mazoea, akainamisha kichwa. Kulikuwa na mluzi kidogo mwishoni, atautoa kesho. "Sitini na tano upande wa bwana harusi! Nasikia sitini na sita? Sitini na sita pale! Mara ya kwanza! Mara ya pili..."

Akavuta pumzi, akageuza macho mlangoni kama alivyokuwa amefanya saa nzima. Akamwona. Ukumbi wote ukageuka kutazama alichokiona.

"Mara ya tatu!" akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Kimeuzwa. Kwa yule mama wa zambarau, mwenye ndara."

Mama Meno akapita katikati ya makofi sitini na sita na mengine yasiyohesabika, akafika, akaketi kwenye kiti chake. Bibi harusi alikuwa tayari analia. Ngurumo akamgeukia binti yake, akafungua mdomo, akasimama. Alikuwa amesahau neno la kwanza. Akamtazama mdogo wake, kama walivyoagana.

Mama Meno hakumgeuzia mgongo. Alimwinulia uso wake wote, akatingisha kichwa kidogo, endelea, na Ngurumo akaanza kuzungumza na mtoto wake. Ukimuuliza Mama Meno leo kama meno yalipiga mluzi katika hotuba ile, atakwambia hajui, hakuyasikiliza.